Bi Koleo na Upinde wa Uzi wa Meno

Wafiwa wenzetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imenipa mimi, binti yake mkubwa, kazi ya kusoma historia ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Koleo kwa sababu hakutoka nyumbani bila koleo dogo la kukunjia waya mkobani. Maneno haya, isipokuwa ya kifo chake, alituandikisha mwenyewe akiwa kitandani, akaagiza yasomwe bila kulainishwa, na akaagiza pia mdogo wake wa kiume, daktari wa meno, asikose kualikwa.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari mwaka 1975, na alikuwa ameshapata nafasi katika chuo cha ufundi pale mama yao alipofariki, Agosti 1976, akamwachia mdogo wake wa miaka kumi na mmoja. Chuo akakiacha, akaajiriwa kuchonga meno ya bandia, akamlea mdogo wake, akampigia pasi sare, akamkagua kucha kila Jumatatu, mpaka alipohitimu udaktari mwaka 1991 na kufungua kliniki yake, ambako dada mtu alipewa chumba cha nyuma, chenye dirisha moja na vumbi la plasta.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, fundi saa aliyekuwa na meza yake chini ya ngazi za jengo la posta, na Mungu akawajalia watoto watatu, ambao sote tuko hapa na meno yetu yote.

Februari 2004 sinki la kliniki liliziba, marehemu akaingiza koleo, akatoa kimoja kimoja vijiti arobaini na vitatu vya plastiki, vile vyenye uzi wa kupitisha katikati ya meno, akavipanga kwenye trei na kumuuliza mdogo wake kila kimoja kilifanya kazi kwa muda gani. Daktari alicheka, akajibu, "Dakika mbili, Dada." Jibu hilo lilimnyima raha. Alianza kutengeneza kifaa cha kudumu, akakiita upinde, wa kwanza kwa mpini wa kijiko, ambao haukupita shavuni, wa pili ukamkata baba mdomo, wa tatu uzi wake ukalegea kila ulipofika kwenye magego, na Juni 2006 ukapatikana wa saba, wa chuma kisichoshika kutu, wenye gurudumu la uzi wa hariri ndani ya mpini na kibanio cha kukaza uzi, chenye springi ya shaba iliyokunjwa na baba, kifaa cha kuchemshwa na kutumika miaka na miaka, kisichoacha taka ila kipande cha uzi kifupi kuliko kidole.

Daktari aliazima michoro ya upinde huo ili, kwa maneno yake, awaonyeshe wenzake. Tarehe 9 Septemba 2006 marehemu alifungua gazeti, akamwona mdogo wake ameshika hati ya kumiliki uvumbuzi wa upinde, yenye jina lake peke yake, akaenda ofisini kwake na aproni ya kazi, na daktari, bila kuinua macho, akamwambia, "Dada, wewe ulikunja waya tu, akili ilikuwa yangu." Alivua aproni, akaiweka juu ya meza ya daktari, na hakurudi tena kufanya kazi pale.

Wakati huo marehemu alikuwa ameshagundua kwamba springi ya shaba hulegea ikichemshwa mara arobaini. Baba alimuuliza kama hamwambii mdogo wake, naye, akiendelea kumenya viazi, akajibu, "Mwenye akili ataligundua."

Hakuligundua. Tarehe 14 Machi 2007, ukumbini, siku ya kuzindua upinde, mbele ya madaktari na wapiga picha, alimpa mgeni rasmi upinde uliokwisha chemshwa mara nyingi ili aonyeshe uimara wake, kibanio kikafunguka, uzi ukakwama kati ya magego mawili, na mgeni rasmi akabaki amepanua mdomo, mate yanamchuruzika hadi kwenye tai, daktari akivuta kwa vidole huku jasho linamtoka. Marehemu alinyanyuka kutoka safu ya tatu, akakata uzi kwa koleo, akatoa upinde wa nane wenye springi ya chuma, akamaliza kazi. Mgeni alipoweza kuzungumza alimuuliza marehemu yeye ni nani, naye akajibu, "Mkunja waya."

Hata hivyo hati ilibaki kwa daktari, na mara tatu wakili wake alimwandikia marehemu barua ya kumkataza kutengeneza upinde wowote wenye kibanio. Waliokuja kumsihi asamehe aliwakaribisha chai, akawasikiliza, kisha akawauliza kama wameshakwenda kumsihi daktari akiri. Hakusamehe, na ametutuma tuliseme hilo wazi. Miaka yote hiyo alikuwa akitengeneza wa tisa, usio na kibanio kabisa, unaokaza uzi kwa kuzungushwa mpini.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 2 Mei mwaka huu, 2024, daktari alifika wodini na mfuko wa machungwa, akakaa nusu saa, hakuuliza kuhusu maumivu, akauliza, "Dada, ule mpya umeuweka wapi?" Marehemu alimjibu kwamba atauona siku ya mazishi, akafunga macho, na tarehe 19 Mei, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, akakata roho mikononi mwetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliotupikia, na mafundi aliofanya nao kazi, ambao wamehakiki vipimo vyote vya kazi yake ya mwisho. Sasa geuzeni ratiba mlizogawiwa mlangoni, mwangalie ukurasa wa nyuma. Huo ndio upinde wa tisa, na vipimo vyake vyote, umechapishwa pia gazetini leo asubuhi, na kilichokwisha kutangazwa hakipewi tena hati, basi atengeneze yeyote mwenye jiliwa la kubania chuma na tupa ya kukisugulia, na asiwepo hata mmoja, awe ndugu au mgeni, wa kuuita wake.

Pumzika, Mama, na amani uliyonyimwa ukiwa hai uipate yote.