Mama Kliki, Mpimaji wa Plagi za Kompyuta

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia tunaomba utulivu wenu kidogo, ili tuwasomee maisha ya binti, mke, mama na dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Kliki, na baadhi yenu, hasa mliofanya naye kazi, hamkuwahi kulisikia jina lake jingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1976, akiwa kifungua mimba wa baba fundi cherehani na mama mwalimu wa watoto wadogo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotenganishwa na chumba cha kushonea kwa pazia tu, na kwa muda mrefu alikuwa peke yake, mpaka alipotimiza miaka kumi na mmoja, wakati wazazi wamekwisha kugawa nguo zote za kichanga, ndipo akaja mziwanda wa kiume, ambaye marehemu alimbeba mgongoni kila alikokwenda, akamfundisha kuhesabu kwa vifungo vya baba, na hata kijana alipoota ndevu aliendelea kumwita "mtoto wangu" mbele za watu, jambo lililomkera sana mdogo mtu na kumchekesha mama yao mpaka machozi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1996 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea umeme, ambako alikuwa msichana pekee darasani, na siku ya kwanza mwalimu mmoja alipomuuliza kama hakupotea njia akiwa anakwenda darasa la mapishi, marehemu alimjibu kwa adabu, "Mwalimu, umeme ndio unaofika jikoni, mimi nimekuja kuona unakotokea," na mwalimu huyo akacheka kuliko wote, akawa mlezi wake hadi alipohitimu.

Mwaka 2000 aliajiriwa na kiwanda cha nyaya na viunganishi vya kompyuta, akapangiwa maabara ya upimaji, chumba kisicho na dirisha mwishoni mwa ukumbi, kilichonuka plastiki ya moto kutwa nzima, na kazi yake ilikuwa kuchomeka plagi, kuzipitishia umeme mkubwa kuliko ule zitakaoupata majumbani, kupima joto lake, kuzichomoa na kuanza upya, na kwa kuwa kila mgeni aliyeingia humo marehemu alimwambia asukume mpaka asikie kliki, na asiposikia asijidanganye kuwa amesikia, jina hilo likamganda, naye akalipokea bila kinyongo, hata akawa anaitika kwenye simu, "Mama Kliki hapa, sema."

Mume wake, seremala, alimpata humo humo maabarani, kwani aliitwa kurekebisha mguu wa meza moja, akarudi mara tatu kwa mguu ule ule, mpaka mkuu wa maabara akauliza kinachochechemea ni meza au ni fundi, na mwezi Desemba 2004 wakafunga ndoa, wakajaliwa mabinti wawili, ambao marehemu aliwalea kwa mkono mmoja laini na mwingine mgumu, akiwakagulia madaftari na soketi za vyumbani mwao kwa macho yale yale.

Ndugu waombolezaji, sehemu inayofuata familia ilijadiliana kama isomwe, ikaonekana kuwa kuiruka ni kumzika mtu nusu, kwa hiyo tunaisoma.

Miaka kadhaa iliyopita kadi za picha za kompyuta, hizi zinazotumiwa na wachezaji wa michezo na wachoraji wa majengo, zilianza kula umeme mwingi, na makampuni makubwa yakakubaliana juu ya plagi mpya, ndogo, yenye pini kumi na mbili nyembamba za kubeba umeme zilizobanana mahali pa kidole gumba, na plagi hiyo ilipofika mezani kwa marehemu aliipima, ikapita, akaipinda waya karibu na shingo kama watu wanavyoipinda wanapoilazimisha ndani ya kasha finyu, ikapata moto, akaisogeza nyuma unene wa ukucha tu, ikapata moto zaidi, ndipo akaenda kwenye kikao akaeleza kwamba plagi ya zamani ilimsamehe mtu aliyekosea kidogo, hii haina nafasi ya kusamehe, na kwamba umeme usipogawana sawasawa pini moja itabeba mzigo wa wenzake, na kadi yenyewe haitajua.

Hakuna aliyempinga, na hilo ndilo lililomchosha, maana wote walitikisa vichwa kukubali, wakamshukuru, na mkuu wake, mtu mwema ambaye leo yupo nasi hapa, akamwambia wakiwa wawili, "Nakuelewa kabisa, Mama, lakini umbo limeshapitishwa huko juu, sisi tunaambiwa tutengeneze, na hata wewe na mimi tukigoma, kesho litatengenezwa kwingine," naye akarudi maabarani akaendelea kupima, na baada ya mwaka mmoja plagi zilizoungua zikaanza kumrudia katika mifuko ya plastiki, nyeusi, zimejikunja kama midomo ya wazee, na kila aliyeulizwa alisema mwenye kompyuta hakusukuma vizuri, na mara nyingine ilikuwa kweli.

Mdogo wake, yule mziwanda, alikuwa mchoraji wa majengo anayefanyia kazi nyumbani, akiishi na mama yao ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu, naye alihitaji kadi ya aina hiyo, akamwomba dada aje aifunge kwa mkono wake, na marehemu akaja Jumamosi na tochi, akapasua upande wa kasha ili waya upite bila kupinda, akachomeka, akasikia kliki, akavuta kuhakikisha, na mama yao kutoka kitandani akauliza kama hicho kidude nacho kinahitaji uji, wakacheka wote watatu.

Miezi saba baadaye, mchana wa mwezi Februari, mdogo mtu aliiacha kompyuta ikimalizia picha za jengo, akatoka kwenda dukani mara moja, na aliporudi moshi ulikuwa unatoka dirishani, majirani wamekwisha kuvunja mlango na kumtoa mama yao kwa godoro lake, akiwa hai lakini kifua kimejaa moshi, naye aliishi kwa mashine ya hewa hadi mwezi Mei, akafariki mikononi mwa marehemu.

Marehemu aliiomba ile plagi, akaipeleka maabarani, akaikata katikati na kuitazama kwa darubini, akakuta ilikuwa imeingia hadi mwisho, haikulegea, haikupinda, ila pini moja ilibeba kuliko nyingine mpaka ikayeyusha kila kilichokuwa jirani yake, na alipofika nyumbani alimwambia mumewe maneno ambayo mumewe ametuomba tuyaseme kama yalivyosemwa, "Ningekuta nimekosea ningejua pa kuushika msiba huu, sasa sina hata pa kushika."

Kwa upande wake mdogo mtu aliamini kosa ni lake, kwa sababu wiki moja kabla ya moto alilivuta lile kasha apate kufagia, akadhani aliuchezesha waya, na dada alipomwambia hapana, alijibu, "Dada, usinifariji," na dada akasema, "Sikufariji, nakuambia nilichokiona," lakini hakuamini, na yeye dada, ingawa alikiona kwa macho yake, usingizini bado alikuwa anasukuma kitu kwa kidole gumba, na hivyo ndivyo walivyoishi, kila mmoja akimwondolea mwenzake lawama na kubaki na yake.

Baadaye plagi ilirekebishwa, pini ndogo za ishara, zile zinazoiambia kadi kwamba plagi imeingia, zikafupishwa ili kadi isiwake kama haijasukumwa hadi mwisho, na marehemu alifurahi kwa ajili ya wengine, akawapigia simu wateja mmoja mmoja kuwahimiza wabadilishe, ila alijua kwamba marekebisho hayo yasingeizuia ile aliyoikata katikati isiungue, akalisema hilo kila kikao, akasikilizwa kila kikao.

Mwezi Machi mwaka huu alianza kulalamika maumivu ya mgongo, tukadhani ni viti vya maabara, seremala akamtengenezea kiti kipya, kisha macho yakawa manjano, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na daktari, baada ya kuzunguka sana kwa maneno, aliambiwa na marehemu mwenyewe, "Daktari, mimi nimekaa vikao vingi, najua sauti ya mtu asiye na la kufanya, wala usione haya," na kuanzia hapo sisi tuliobaki tulikuwa tunabadilisha mashuka, tunapasha maji, tunamwekea mto hivi na vile, tukijua hakuna hata kimoja kinachorudisha kitu nyuma, mpaka Jumanne iliyopita mchana, binti yake mdogo akimchana nywele, alipotutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kumdanganya, majirani wa mtaa huu na wa nyumba iliyoungua, na wafanyakazi wenzake waliofunga maabara leo ili waje wote.

Aliyepaswa kuisoma historia hii ni mdogo wake, ambaye mnamwona mstari wa mbele, na sauti imemkatalia, lakini asubuhi hii ametuomba tuwasomee mbele ya jeneza jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia dada yake akiwa hai, kwamba Jumamosi ile ya kufunga kadi yeye ndiye aliyemshikia tochi, na aliisikia kliki.

Mama Kliki, dada yetu, pumziko lako na liwe la amani.