Mtambo wa Fundi Saud wa Kiponda

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Fundi Saud ni miguu yake. Haikuwa sawa. Shavu la mguu wa kulia lilikuwa nene, la kushoto jembamba. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni maradhi. Kumbe ilikuwa kazi.

Leo tunamkumbuka Fundi Saud bin Nasser, mkereza miti wa Kiponda, hapa Mjini. Amefariki Jumapili iliyopita na amezikwa Mwanakwerekwe. Fundi Saud, mkereza miti. Miguu ya vitanda, michi ya vinu, nguzo za ngazi, vyote vilipita mikononi mwake.

Kabla ya mwaka 1964 alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya tajiri mmoja. Baada ya Mapinduzi tajiri yule akasafiri, karakana ikafungwa. Fundi akarudi nyumbani na patasi zake ndani ya kikapu. Chumba cha chini kilikuwa stoo ya makaa. Akakifagia, akakipaka chokaa, akaanza kuunda kerezo lake mwenyewe, chombo cha kuzungushia mti unapochongwa. Gurudumu lilikuwa la gari la hamali. Mkanda ulikuwa wa ngozi. Na pedali je?

Mjane wake, Bi Kulthum, ameniambia hivi: "Alinivunjia cherehani yangu. Niliamka nikakuta kichwa cha cherehani juu ya meza, miguu hakina. Nikamuuliza, nitashona na nini? Akanambia, shona kwa mkono, Kulthum, nyumba hii inapata mtambo."

Mtambo. Wasikilizaji, hapo ndipo ilipoanzia shida yote. Chombo kile jina lake ni kerezo. Lakini Fundi Saud aliliona neno kerezo ni dogo. Alikuwa mtu wa kujivuna, hata mkewe hakatai. Akatundika pazia mbele ya kerezo ili mtu asione kabla ya siku yake. Kisha akakaa kwenye baraza la kahawa, akatangaza: "Nshafunga mtambo. Ijumaa baada ya sala nnaufungua. Njooni muone."

Ilikuwa mwaka 1966. Mwaka ule mtu akisikia mtambo hafikirii miguu ya vitanda. Anafikiria mtambo wa kupikia pombe. Au anafikiria kibaya zaidi, mtambo wa kupelekea maneno ng'ambo kwa waliokimbia. Na nyuma ya pazia la Fundi Saud, kutwa kucha, kitu kilikuwa kikivuma.

Ijumaa ikafika. Watu wakajaa hadi uchochoroni. Palikuwa na kahawa, palikuwa na halua. Sisi watoto wa kike tulisimama ngazini, nyuma ya Bi Kulthum. Fundi alivaa kanzu mpya. Ameshika pazia, anataka kulivuta, mara watu wa mlangoni wakapisha njia. Aliingia Jaku, katibu wa tawi la chama, na vijana wawili.

"Shikamoo, mzee Saud."

"Marahaba."

"Tumeambiwa una mtambo."

"Nnao."

"Unatoa nini?"

"Miguu."

Hakuna aliyecheka. Jirani yake, Mzee Mcha, akajaribu kumsaidia: "Ya vitanda, Jaku. Si ya watu."

"Sikukuuliza wewe. Mzee Saud, waya wake uko wapi?"

"Hauna waya. Unakwenda kwa mguu."

Jaku akalivuta pazia mwenyewe. Akachungulia chini ya meza, akagonga ukuta, akanusa debe la mafuta. Kisha akasema, "Basi upige, tuone."

Mbele yangu, vikombe vilikuwa vikigongana kwenye sinia la Bi Kulthum. Alikuwa amesimama tu, hatembei.

Fundi akakanyaga pedali. Aliharakisha. Patasi ikauma vibaya, gogo la mfenesi likapasuka, kipande kikaruka hadi ukutani. Watu wakainama. Kijana mmoja akamrukia Fundi, akamkamata bega.

"Niachie bega, mwanangu," Fundi akasema. "Nnalitumia."

Kijana akamtazama Jaku. Jaku akaashiria, bega likaachiwa. Fundi akaweka gogo jengine. Safari hii alikanyaga taratibu. Maranda yakaanza kumwagika juu ya kanzu mpya. Mti ukatoa shingo, ukatoa pete, ukatoa tumbo la mviringo. Jaku akauchukua. Ulikuwa bado una moto.

"Chombo hiki si kerezo?" akauliza. "Kwa nini ukasema mtambo?"

Fundi Saud akapangusa maranda kwenye kanzu. Aliyejibu ni Bi Kulthum, kutoka ngazini: "Kwa sababu ana majivuno, Jaku. Ukimchukua, mchukue kwa hilo, si kwa jengine."

Hapo watu wakapata pumzi, wengine wakacheka. Jaku hakucheka. Lakini alikaa, na alipopewa kahawa akainywa.

Juzi nilikwenda kumuona Jaku. Akanambia: "Nilikwenda pale kumchukua. Nisiseme uongo. Gari lilikuwa likisubiri Darajani."

Hakumchukua, ila alimpa sharti. Pazia liondoke, mlango ukae wazi, na kila anayetaka kujifunza aingie afunzwe. Fundi akakubali. Na tangu mwaka ule wa 1966 hadi wiki iliyopita, mlango wa Fundi Saud haukufungwa mchana. Waliojifunza pale leo wanafanya kazi hapa Mjini, Makunduchi, hadi Pemba.

Bi Kulthum, wewe na wanao, poleni sana kwa msiba. Mtaa mzima umefiwa pamoja nanyi. Mwenyezi Mungu amlaze pema Fundi Saud bin Nasser. Nasi tuliobaki tutazame mitaani mwetu, nani ameacha mlango wazi, na kwa nini tunapita tu.

Mimi niliacha skuli darasa la tano, na kila asubuhi nilipita pale na ndoo ya maji. Nilikuwa nikisimama kidogo. Fundi alikuwa akiinua kichwa, ananambia, "Karibu, mwanangu. Hapa hapana hodi." Nilikuwa nikicheka, nikiinama, nikienda zangu.

Fundi, nilikuwa nataka kujifunza.