Tarehe Iliyoandikwa kwa Chaki

Waliokuwapo Jumanne ile, tarehe 14 Novemba 1989, kwenye benchi la kahawa karibu na stendi ya Same, ni hawa: Loth Mshana, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimwi, Isihaka bin Omari, au Difu, aliyeendesha lori mpaka macho yakamkataa, na Zefania Mbwambo, Karani, aliyeandika vitabu vya shamba la mkonge tangu enzi za Mwingereza na hakupenda jina la mtu likatwe. Wa nne alikuwa Raheli Eliufoo, muuza kahawa, mja mzito wa miezi saba. Yeye hakuwa kwenye benchi. Alikuwa nyuma ya bati na jiko lake la maranda, maana mkaa ulikuwa haushikiki kwa bei, na maranda ya seremala yalikuwa ya bure.

Bati lile lilikuwa kazi ya Zefania. Upepo wa Same ulikuwa ukiwapulizia wazee moshi usoni, hivyo akashika nyundo mwenyewe, akazungushia jiko bati pande tatu na kutundika gunia mlangoni. Alipomaliza aliandika tarehe kwa chaki, kama mkandarasi. Tangu hapo macho yao yalipona.

Raheli alitoka na birika, akikohoa.

— Shikamooni wazee wangu. Nyie mmesoma. Kliniki wananiambia mtoto hakui, ni mdogo kuliko miezi yake. Nifanyeje?

Zefania alikaa vizuri. Ilikuwa siku nyingi hajaulizwa jambo la maana.

— Unga wa yanga huo, alisema. Ule wa njano wa foleni, mwaka themanini na nne.

— Karani wee! alidakia Difu. Unga wa miaka mitano, mimba ya miezi saba?

— Ulijificha kwenye mifupa.

— Hamna kitu, alisema Redio. Ni mitumba. Tazama gauni la Mzungu hilo. Limembana mtoto, atakua aelekee wapi?

— Linanipwaya, baba.

— Basi amepotelea humo!

— Mnamdanganya binti wa watu, alisema Difu. Ni honi. Siku hizi kila mwenye vijisenti kaleta lori lake. Honi ikilia, mtoto anajikunyata. Miezi saba ya kujikunyata, huo urefu autoe wapi?

— Na taarifa ya habari anaisikia humo humo, aliongeza Redio. Kasikia sukari imepanda tena, kaona bora aje mdogo, asitutie gharama.

Walicheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Zefania alicheka kuliko wote, kisha akanyoosha kikombe.

— Ongeza, mwanangu. Na ukirudi ndani funga gunia vizuri, moshi unapenya.

Raheli akamimina, akarudi ndani, akafunga gunia.

Basi la Hedaru lilimshusha Fortunata, nesi aliyekuwa amehamishiwa Same wiki ile. Aliwaamkia, akaagiza kahawa, akasikia kikohozi. Akafunua gunia, akaingia. Hakukaa hata dakika mbili. Alitoka akifuta machozi kwa kanga, amemshika Raheli mkono.

— Anaketi humu tangu saa ngapi?

— Tangu alfajiri, alisema Difu.

— Moshi anaouvuta mama unamfikia mtoto. Unamnyima hewa, na chakula chake kinapungua. Hili bati liliwekwa lini?

Redio akazima. Difu aliangalia barabara. Zefania, aliyekumbuka tarehe za kuajiriwa za wakata mkonge mia tatu, aliinamia kikombe. Chaki ilikuwa mbele yao wote, kwa mwandiko wake mzuri wa shule: 22 Aprili 1989.



Jioni ile Zefania aling'oa bati peke yake, akamkatalia Difu kumsaidia. Jiko likahamishiwa upande wa pili wa benchi, na Raheli akaketi upepo unakotokea. Wazee wakanywa kahawa huku machozi yakiwatoka, na hakuna aliyelalamika.

Zefania alimuuliza Fortunata mara mbili kama ni moshi. Fortunata hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

Raheli alijifungua Jumamosi, tarehe 2 Desemba. Mtoto wa kiume, kilo moja na robo. Alibatizwa hospitalini, akaitwa Tumainieli. Alifariki Jumanne, tarehe 5.