Kamba Nane za Farquhar Geddes

Wasifu wa marehemu, uliosomwa na dada yake, Bi Euphemia Geddes, katika kanisa la Portcraddie, Ijumaa tarehe 6 Juni 2025

Marehemu Farquhar Innes Geddes alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 katika nyumba iliyo juu ya duka la mikate, Mtaa wa Gati, hapa Portcraddie. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Bwana Innes Geddes, mwoka mikate, na Bi Wilhelmina. Siku hiyo ukungu wa bahari ulikuwa mzito hata mkunga akapotea njia, na alipofika alimkuta mtoto keshafika mwenyewe, anapiga kelele. Kelele hizo hakuziacha mpaka wiki iliyopita.

Kabla sijaendelea, wasifu uliochapwa kwenye programu mliyopewa mlangoni usiwasumbue. Uliandikwa na kamati ya klabu ya mpira, na humo mtakuta maneno "changamoto za msimu". Sisi nyumbani hatukuona changamoto. Tuliona upumbavu, na upumbavu huo una wenyewe, na wenyewe wamekaa safu ya pili wamevaa tai za zambarau. Mimi niliyemfuta kamasi marehemu nitasoma wa kwangu. Najua pia kwamba wengi wenu hamnitazami usoni, mnautazama mkoba wangu. Ndani yake mna kadi nane za kamba za kuteremshia jeneza, kila kadi inampa mtu mmoja heshima ya kushika kamba yake, na mpaka saa hii hakuna mzee yeyote wa Portcraddie aliyepata hata moja. Tutafika huko.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya hapa kuanzia mwaka 1958, kisha sekondari, akaiacha mwaka 1968 akiwa na miaka kumi na mitano, bila yeye wala shule kulia. Mwalimu aliwahi kuwapa insha juu ya bahari. Farquhar akaandika kurasa mbili juu ya Portcraddie Rovers. Mwalimu akamwuliza, "Geddes, bahari iko wapi humu?" Akajibu, "Iko nyuma ya goli la kusini, mwalimu." Alichapwa, ingawa uwanja wetu uko hivyo hivyo mpaka leo, na mipira mingi ya msimu huu iliishia huko.

Mwaka huo huo wa 1968 aliingia kiwandani kwa baba kukanda unga, na baba alipofariki mwaka 1981 duka likawa lake. Alioka pai za nyama ya kondoo zenye pilipili manga, na kwa pai sina la kumlaumu. Pai zake zilikuwa nzuri. Laiti angeishia hapo. Mwaka 1998 kamati ya klabu ilimfuata dukani ikamwomba awe mwenyekiti. Wao walikuwa wanatafuta mtu wa kulaumiwa, naye alidhani wanatafuta kiongozi.

Alifunga ndoa na Bi Rhona tarehe 14 Julai 1979, Jumamosi, katika kanisa hili hili. Mwezi wa Julai aliuchagua mwenyewe kwa sababu hauna ligi. Walikwenda fungate Oban wakarudi na nyavu mbili za goli kwenye buti ya gari. Rhona aliniambia jikoni, "Wifi, mwenzio nimeolewa ukewenza na uwanja." Hata hivyo walipendana, na walijaliwa mtoto mmoja, Catriona, ambaye ni muuguzi Halifax, Kanada, na amesafiri kuwa nasi. Rhona alifariki mwaka 2016. Tangu hapo marehemu hakuwa na mtu wa kumwambia "nyamaza" isipokuwa mimi, na mimi hakunisikiliza tangu akiwa na miaka minne.

Sasa niuseme huo msimu, maana ndio uliomwua.

Mwezi Mei mwaka jana Rovers walitwaa kombe. Mpira wa kona ulimgonga beki wetu matakoni ukaingia golini, na kwa matako hayo tukapata nafasi ya kucheza Ulaya. Mji mzima ulilewa siku tatu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa mgema alisifiwa na mtu mwenye kipaji cha kazi hiyo, yaani makamu mwenyekiti, Bwana Lachlan Imrie, yule pale, mwenye masharubu. Bwana Imrie alimvika ndugu yangu kilemba cha ukoka asubuhi na jioni. "Mwenyekiti, Ulaya itatujua!" Naam. Ulaya imetujua.

Wakaguzi wa Ulaya walikuja wakatazama uwanja wetu, wakatazama vyoo vyetu, wakaondoka bila kunywa chai. Kwa hiyo mechi za "nyumbani" tulichezea kwenye mji wa wenyewe, mwendo wa saa tatu kwa gari. Huko tuliwafunga watu wa Visiwa vya Faroe bao moja, la upepo. Halafu tukapangiwa Saiprasi, mwezi Agosti.

Marehemu alipanda ndege na makasha sita ya pai, na mimi wa kuyabeba. Kocha wetu, Magnus Rendall, mtu wa Orkney, mpole, ndiye huyo huyo aliyetupa kombe, alimfuata hotelini.

"Mzee, joto la hapa ni la kuanikia samaki. Waache vijana wale wali na matunda."

"Kombe tulilichukua kwa wali, Magnus?"

"Hapana, lakini..."

"Basi nani kakuomba mashauri ya upishi?"

Bwana Imrie alikuwepo. Alisema, nami nilikuwepo nikamsikia kwa masikio yangu, "Mwenyekiti kasema kweli. Pai ndiyo silaha yetu."

Silaha ililipuka dakika ya ishirini. Mapumziko yalifika tumeshafungwa manne, na kipa alikuwa amelala kifudifudi kwenye vigae vya chumba cha kubadilishia nguo, akikumbatia ubaridi. Winga wa kushoto alimwomba refa ruhusa ya kutoka, wala hakungoja jibu. Tulifungwa saba. Nimeishi kando ya bahari miaka sabini na minne na nimeona meli zikizama kwa heshima zaidi ya ile.

Waliporudi, Rendall alipiga pai marufuku. Marehemu akamfukuza kazi. Tarehe 2 Septemba alibandika tangazo kwenye dirisha la duka, kati ya bei ya mikate na paka aliyepotea, na kocha alilisoma alipokuja kununua skonzi. Paka alipatikana. Kocha wa maana hakupatikana tena. Walikuja watatu baada yake: mmoja alikuja na kompyuta, mmoja alikuja na mbwa, na wa mwisho alikuja kwa basi akaondoka kwa basi hilo hilo. Kufikia Krismasi tulikuwa mkiani mwa ligi. Mwezi Januari, tukiwa ndio wenye kombe, tulitolewa kwenye kombe lenyewe na timu ya madereva wa malori na mwalimu mmoja wa hesabu. La kuvunda halina ubani.

Mwezi Februari gazeti liliandika maneno ya Bwana Imrie: "Mimi nilimwonya mwenyekiti kuhusu zile pai." Marehemu alilisoma mezani kwangu. Alilikunja akalitumia kufungia chupa tupu za maziwa. Siku nne baadaye moyo wake ulishindwa, akalazwa hospitali mjini mpaka katikati ya Aprili. Daktari alimruhusu kurudi nyumbani kwa sharti la kutokwenda mpirani. Daktari huyo ni kijana na si mtu wa hapa.

Katika majuma yote ya hospitali, kamati ilituma kadi moja. Jina lake lilikuwa limekosewa.

Tukaja tarehe 17 Mei, mechi ya mwisho, hapa hapa, na watu wa Balmennoch, jirani zetu, ambao hatujasalimiana nao vizuri tangu babu. Tukishinda tunabaki ligi kuu, tukishindwa tunashuka daraja. Nilimpeleka mimi, kwa sababu angekwenda tu. Nilimshika mkono na nikabeba chupa ya chai. Mpira siupendi, sijawahi kuupenda, ni watu wazima wanaofukuzana kwenye matope. Mvua ilikuwa inapiga ubavuni. Watu wa Balmennoch walikuja na jeneza la maboksi, wamelipaka zambarau na kuandika PORTCRADDIE ubavuni. Mbele yao alikuwa Hector Moir, muuza samaki, mtu mkubwa mwenye skafu ya bluu.

Bao la kwanza liliingia watu wakiwa bado wanatafuta viti. Baada ya la tatu jukwaa letu lilianza kuvuja. Baada ya la tano lilipasuka. Walitoka wazee kwa vijana, walitoka wale waliolewa siku tatu kwa ajili ya kombe, walitoka wakimzomea mzee mgonjwa aliyewalisha miaka hamsini. "Rudi kwenye unga wako, we mzee!" Sitawataja. Mnajijua, na mmevaa vizuri leo. Bwana Imrie alikuwa wa mwisho katika kamati.

"Mwenyekiti, niruhusu, nawahi foleni ya magari."

"Foleni ipi, Lachlan? Magari yote yameshaondoka."

Akaondoka.

Tulibaki marehemu, mimi, Catriona aliyekuwa amekuja likizo kumtazama baba yake, na Bi Nan wa kibanda cha chai, ambaye hajawahi kufunga kibanda kabla ya kipenga. Ng'ambo walibaki wale wa Balmennoch, wanaimba wimbo wa maziko. Bao la sita likaingia. Dakika za nyongeza zikafika. Ewan Tulloch, beki wetu wa kulia, aliyecheza miaka tisa bila kufunga hata kwa bahati, alipiga krosi. Upepo ukaidaka. Kipa wao alikuwa amegeuka anawapungia mashabiki wake. Mpira ukaingia.

Farquhar alisimama. Alivua kofia akapiga kelele, ile ile aliyozaliwa nayo, kwenye jukwaa tupu, kana kwamba tumetwaa kombe la pili. "Dada, umeona? Umeona alivyoukata ule mpira?"

"Nimeona upepo. Keti, utakufa."

Hakuketi. Ng'ambo wimbo ulikatika. Nilimwona Hector Moir akimtazama mzee mmoja peke yake anayeruka kwenye mvua. Akawaambia wenzake kitu, wakaliweka jeneza lao chini kwenye matope, wakapiga makofi. Hawakumdhihaki. Dhihaka ya Balmennoch naijua, nimelelewa nayo. Waliendelea mpaka refa akapuliza kipenga, na marehemu akawainamia kama bwana harusi.

Usiku huo alirudishwa hospitali. Tarehe 28 aliniita karibu na kitanda.

"Kamba zangu, dada. Wape waliobaki tu."

"Waliobaki wapi?"

"Uwanjani. Mpaka kipenga."

"Farquhar, una wazimu? Hao ni watu wa Balmennoch! Walikuletea jeneza!"

"Si ndiyo maana? Wameshazoea kulibeba."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kutugombeza. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 29 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo kwa miaka hamsini na saba alikuwa anatoa pai za kwanza tanurini. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Jumatatu Bwana Imrie alinijia nyumbani na tai ya klabu. Alisema, "Bi Euphemia, nadhani kamba ya pili ni yangu, kwa cheo." Nilimjibu kwamba cheo chake kiliondoka dakika ya sabini, na gari lake likakifuata. Ameuambia mji mzima kwamba nimechanganyikiwa kwa msiba. Basi nisikilizeni vizuri, maana nina akili zangu zote na miwani yangu ni mipya.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Catriona. Dada mmoja, mimi. Tanuri moja ambalo bado lina joto kwa sababu nimeshindwa kulizima. Na klabu moja iliyoshuka daraja, ambayo aliipenda kuliko inavyostahili kupendwa na mtu yeyote mwenye akili. Alikuwa mbishi, alikuwa mjinga wa sifa, aliwaua vijana kumi na mmoja kwa pai mbele ya Ulaya nzima, na mimi leo sijui nitamgombeza nani.

Kamba ya kwanza, kichwani, ni ya Catriona. Ya pili, miguuni, ni yangu, na anayesema kamba si ya mwanamke aje aniambie mimi. Ya tatu ni ya Bi Nan. Ya nne ni ya Ewan Tulloch. Ewan, acha kulia, utateleza. Zilizobaki nne ni za Balmennoch. Hector Moir, umesimama huko nyuma mlangoni na skafu yako umeificha mfukoni. Ivae, mwanangu. Njoo mbele na wenzako, chukueni kadi zenu.

Baada ya maziko kuna chai ukumbini na pai. Ni za mkono wake, alizioka wiki ile kabla ya mechi, nilizikuta zimegandishwa kwenye friji. Zinatosha watu wote.

Na nyinyi wa safu ya pili, na wa tatu, na wote mnaojijua, mlango uko wazi nyuma yenu na njia mnaijua. Lakini Farquhar hakuwa na kinyongo, hiyo ni kazi yangu. Angependa mkae. Mara hii moja tu, kaeni mpaka mwisho.

Pumzika, mdogo wangu. Kipenga kimelia, na wewe ulikuwepo.