Genoveva Anselmo, Aliyejifunza Upya Kuogesha Mtoto

Wapendwa waombolezaji, tumsifu Yesu Kristo. Mama yetu Genoveva Anselmo Kaijage alizaliwa tarehe 3 Februari 1964 huko Muleba, Kagera, akamaliza darasa la saba mwaka 1978, akafundishwa ushonaji na masista, na mwaka 1986 akafunga ndoa na marehemu mzee Anselmo, wakahamia Dar es Salaam, akashona sare za shule pale Ubungo miaka mingi hadi walipojenga hapa Bunju. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gozbert, na Hope anayewasomea.

Tarehe 11 Mei 2024 alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, maneno yakagoma, na Hope ana mimba ya miezi mitano, basi kwa mapenzi yote wanawe wakamlisha, wakamvisha, hata kikombe wakamshikia, maana mzazi hasumbuliwi, na hapo ndipo walipokosea. Mfaume, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alipowakuta wakimlisha aliwaka, "Nyie mnampenda mpaka mnamlemaza! Ubongo unajenga njia mpya kwa kurudia kazi, na kazi zote mmemnyang'anya!"

Mama akachagua kazi yake, kumwogesha mjukuu atakapozaliwa, kama bibi yeyote. Hope aliogopa, jamani, aliogopa, kila akifumba macho anaona mtoto anateleza. Basi mama akafunga kilo tatu za mchele kwenye kanga, akawa anauogesha kwenye beseni kavu kila asubuhi, mkono wa kushoto unabeba, wa kulia unajikokota, jirani Bi Chausiku akipita anamtania, "Mama Gozbert, huyo wa mchele keshaota meno?" na mama anacheka, kicheko kikarudi kabla ya maneno.

Kokugonza alizaliwa tarehe 2 Septemba. Tarehe 29 mama alimwogesha kwenye maji, mikono ya Hope ikiwa chini ya mikono yake, akamtazama binti yake, akasema, "Ondoa." Hope akaondoa. Mtoto hakuteleza.

Kiharusi cha pili kilikuja tarehe 14 Februari 2025, akafariki tarehe 17 hospitalini. Tangu siku ile ya Septemba mama ndiye aliyemwogesha mtoto, Hope hakuwahi, aliona hawezi, hadi jana asubuhi alipomwogesha mwenyewe, mtoto akalia sana, lakini ameoga.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, ndugu Mfaume, majirani wa Bunju na mafundi cherehani wenzake mama wa Ubungo. Mama, mwanao anajifunza, polepole, usiwe na wasiwasi, pumzika sasa kwa amani.