Kila Mbwa na Bakuli Lake

Fundi cherehani alipanda basi akiwa na mkono uliofungwa bendeji, amebeba mabakuli mawili mapya. Mlinzi aliyeketi kando yake akauliza, "Umeumwa na mbwa, dada?"

"Wangu wawili, kaka. Niliingia kuwaamua."

"Toa mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja." Mlinzi mwenyewe hakuwahi kufuga mbwa, lakini ushauri alikuwa nao tele.

"Wimbo wa mume wangu huo! Wakipigana tena, anamtoa mdogo. Kosa langu, niliwalisha kwenye sufuria moja ili wapendane."

"Hata ndugu wa tumbo moja hugombania nyama!"

"Basi kuanzia leo kila mmoja atakula kwenye chumba chake, mlango umefungwa. Hatoki mbwa pale."

"Na mumeo akikataa?"

Basi likasimama. Fundi akashuka na mabakuli yake. "Chumba cha tatu kipo. Bakuli nitamnunulia."