Jioni ya Siku Aliyozikwa Odile

Anselme Verdier alikuwa na miaka themanini na moja, na hamsini kati ya hiyo aliimalizia jukwaani na kwenye filamu. Asubuhi hiyo, ndani ya basi la kupanda kilima cha Croix-Rousse, akina mama wawili wasiojuana waliketi mbele yake wakimsema bila kumtambua, maana nywele zilizompa umaarufu zilikwisha kitambo.

"Yule Verdier alinichekesha mpaka mbavu zikauma," alisema mwenye kikapu cha vitunguu. "Hawa wa siku hizi hawamfikii hata nusu."

"Kuchekesha alijua," alijibu mwenye koti jekundu. "Mkewe Odile kazikwa mchana, jioni bwana yuko jukwaani anachekesha watu. Huyo ni mtu?"

"Sasa dada, ulitaka afanyeje? Ukumbi umejaa!"

"Akae nyumbani alie, kama binadamu!"

Anselme alitazama mikono yake. Nyumbani jioni ile palikuwa na viatu vya Odile mlangoni na miwani yake juu ya gazeti, naye hakuthubutu kuingia. Alikwenda kulikokuwa na watu mia sita. Walipocheka, alilia, nao wakadhani ndio mchezo wenyewe, wakampigia makofi. Hajamwambia mtu mpaka leo.

"Mama zangu," alianza. Lakini sauti iliyokuwa ikifika viti vya nyuma kabisa vya ukumbi haikuvuka hata kiti kimoja cha basi.

Basi likasimama. Wale wawili wakainuka, bado wanabishana.

"Samahani babu, tupishe," alisema wa koti jekundu.

Anselme akavuta miguu iliyokuwa njiani, akawapisha.